Redio inakwaruza ukiwasha chaja ya sola: namna ya kutuliza kelele za stepu dauni

Kila wiki swali ni lile lile. Mmoja anatoka Igurusi, mwingine Tukuyu, mwingine Mbalizi hapa jirani: "Fundi, nimefunga sola, simu zinachaji vizuri, lakini nikiwasha chaja tu redio inakwaruza mpaka simsikii mtangazaji." Nimelijibu kwa mdomo hapa Mwanjelwa, Mbeya, mara nyingi mno. Sasa naliandika lote, ili ukikwama katikati ya kazi usome tena palepale ulipo, usilazimike kupanda gari kuja mjini.

Aliyenisukuma kuandika ni mzee mmoja wa Isyonje, kule juu kwenye viazi. Alikuja na redio yake kaifunga kwenye kitenge, na bodi ya kuchajia kaitia kwenye mfuko wa sukari. Pale kwake anachaji simu za majirani kwa hela kidogo. Jioni mpira ukianza inambidi azime chaja zote: majirani wanadai simu zao, naye anataka kusikia Simba na Yanga. Alikuwa ameshanunua redio ya pili akidhani ya kwanza imekufa, na ya pili nayo ikakwaruza vilevile. Redio zote mbili zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwenye ile bodi ya kushusha volti 12 kuwa volti 5, na zaidi kwenye nyaya zilizofungwa juu yake.

Mwongozo huu unahusu bodi hizo, ambazo mafundi tunaziita stepu dauni, hasa zile zenye aisii (kile kidude cheusi chenye miguu kinachofanya kazi ya kubadili umeme) ya LM2596 ambazo zimejaa madukani. Mengi ya humu yanafaa pia kwa chaja ya bajaji au ya daladala.

Kabla ya kuanza, andaa hivi

- Redio ndogo ya AM na FM inayotumia betri zake kavu. Hiki ndicho kipimo chako kikuu. Ukiwa nayo huhitaji osiloskopu, kile kipimo cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini.
- Multimita.
- Pasi ya kulehemu na risasi, pamoja na kitu cha kunyonyea risasi.
- Kapasita za seramiki: mikrofaradi 10 za volti 50 (aina ya X7R ukiipata), mikrofaradi 1 za volti 50, na mikrofaradi 0.1.
- Kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 220, volti 35 au zaidi.
- Koili ya mikrohenri 10 inayobeba ampea 3.
- Choki ya nyaya mbili kutoka kwenye pawa saplai mbovu ya kompyuta. Ni ile pete au fremu nyeusi yenye koili mbili na miguu minne, iliyo karibu na mahali umeme unapoingilia.
- Feraiti mbili za kubana waya. Kebo za monita zilizokufa zina lile "goti" jeusi la plastiki: ndani yake ni feraiti, kauri nyeusi yenye tabia ya sumaku inayozuia kelele kwenye waya. Wauza vyuma chakavu wanazitupa hizo.
- Rezista ya omu 10 na kapasita ya seramiki ya nanofaradi 1, volti 50.
- Fyuzi ya ampea 5 na kishikio chake.
- Kopo la bati lenye mfuniko, kama la maziwa ya unga.

Onyo la kwanza, na hili si la kupita haraka. Ukifungua pawa saplai ya kompyuta kutafuta choki, kapasita zake kubwa hukaa na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja hufika karibu volti 325. Iache siku nzima ikiwa imechomolewa, kisha pima kwa multimita kabla hujaingiza kidole. Onyo la pili: betri ya gari au ya sola ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea na waya unawaka. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri, si kule mwisho kwenye bodi.

Nadharia kidogo tu

Stepu dauni haishushi volti kwa kuzila kama aisii ya 7805, inayogeuza volti zilizozidi kuwa joto. Inawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili na kapasita vinasawazisha. LM2596 halisi hufanya hivyo mara 150,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 150. Kila kuwasha na kuzima kuna ukingo mkali, na ukingo huo huzaa masafa mengine ambayo ni mafungu ya lile la kwanza: 300, 450, 600, 750, 900 na kuendelea. Bendi ya AM iko kati ya kilohezi 530 na 1600 hivi, kwa hiyo mafungu hayo yanaangukia humohumo.

Jambo la kushika ni hili: kwenye stepu dauni upande mchafu zaidi ni wa kuingilia, ule unaotazama betri. Upande wa kutokea una koili inayolainisha mkondo. Upande wa kuingilia mkondo unakatwa wazi wazi, upo, haupo, upo, haupo. Mkondo huo unazunguka kutoka kapasita ya kuingilia, ukapita aisii na diodi, ukarudi kwenye kapasita. Mzunguko huo ukiwa mpana, au nyaya za betri zikiubeba, umejenga antena ya kurusha kelele. Karibu wote wanaokuja kwangu wameanza kuhangaika na upande wa simu. Wameanzia pasipo na tatizo kubwa.

Hatua kwa hatua

1. Mtafute mkosaji. Zima kila kitu: chaja, taa, inveta, hata chaji kontrola ya sola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri (chomoa paneli kwanza, kisha betri). Washa redio kwa betri zake kavu, itege kwenye AM mahali pasipo na kituo, usikie ule mvumo wa kawaida. Sasa washa kifaa kimoja kimoja. Usidhani lazima ni chaja ya simu. Taa nyingi za LED za volti 12 zina kidude cha kubadili umeme ndani yake, na nyingine zinapiga kelele kuliko chaja. Chaji kontrola za MPPT nazo ni stepu dauni kubwa.

2. Jua kama kelele inapita kwenye waya au hewani. Redio ikiwa na betri zake kavu, isogeze mbali na bodi polepole. Halafu ilishe kutoka betri ileile ya sola, usikilize tena. Kama inakwaruza pale tu inapolishwa na betri ya sola, kelele inapita kwenye waya, nawe utafaidika zaidi na hatua ya 7 na 10. Kama inakwaruza hata kwa betri zake, na inapungua ukiisogeza, kelele inarushwa hewani: hatua ya 4, 5 na 8 ndizo zako. Mara nyingi utakuta yote mawili.

3. Soma masafa ya bodi yako. Tembeza redio taratibu kutoka 530 kwenda 1600 uandike kila mahali inapopiga mluzi. Ukipata 600, 750 na 900, tofauti ni 150, basi bodi inafanya kazi kwa kilohezi 150. Bodi nyingi za bei rahisi zilizoandikwa LM2596 nimezikuta na miluzi iliyoachana kwa 50 tu. Hizo ni za kuiga, na kelele yake imesambaa sana kwenye bendi kwa sababu mafungu yake yako karibu karibu. Zile bodi ndogo kabisa za MP1584 huweza kuwekwa mpaka megahezi 1.5, na hapo masafa yake yenyewe yanaweza kudondokea katikati ya AM.

Kisha pima umbali. Chomeka simu ichaji, tega redio kwenye mluzi mmoja, rudi nyuma nayo mpaka mluzi upotee, hesabu hatua. Andika. Usiruke hapa: bila namba ya mwanzo hutajua kilichosaidia, na utaongeza vitu vitano wakati kimoja kilitosha. Kuanzia sasa badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo uende kingine.

4. Fupisha na sokota nyaya. Hii haigharimu kitu, na ndiyo niliyoanza nayo kwenye bodi ya yule mzee. Waya wake wa chanya ulipita juu ya mlango na wa hasi ukapita sakafuni, vikakutana kwenye bodi. Kati yao palikuwa na dirisha zima! Nyaya mbili zilizoachana hivyo ni antena ya fremu. Ziweke pamoja, uzisokote kama kamba, mzunguko mmoja kila sentimita mbili au tatu, kutoka betri mpaka bodi. Waya uliozidi ukate, usiuviringe ukauning'iniza msumarini. Fanya vivyo hivyo kwa nyaya za paneli kadiri unavyoweza kuzifikia.

5. Weka kapasita ya seramiki miguuni pa aisii. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Geuza bodi uangalie. LM2596 ina miguu mitano. Wa 1 ni wa kuingilia, wa 2 ni wa kutokea kwenda kwenye koili na diodi, wa 3 ni graundi, yaani hasi. Diodi ina mstari upande mmoja: upande wenye mstari umeungwa na mguu wa 2, usio na mstari umeungwa na graundi. Bodi nyingi zina kapasita moja tu ya elektroliti upande wa kuingilia, tena imekaa mbali kidogo. Elektroliti ni nzuri kwa kuhifadhi umeme, lakini kwa kingo kali za haraka ni nzito.

Chukua seramiki ya mikrofaradi 10, volti 50. Mguu wake mmoja ulehemu kwenye mguu wa 1 wa aisii, mwingine kwenye ule upande wa diodi usio na mstari, kwa njia fupi kuliko zote. Juu yake bandika ya mikrofaradi 0.1. Kama ni za miguu mirefu, kata miguu ibaki milimita 2 au 3. Kila milimita ya waya huongeza karibu nanohenri 1, na kwa masafa ya FM hicho si kidogo.

Kosa linalojirudia: kulehemu seramiki kwenye terminali za kuingilia kwa sababu pale pana nafasi. Pale imeshachelewa, mkondo mchafu umeshazunguka bodi nzima. Kosa jingine ni kununua seramiki ya volti 16 kwa kuwa betri ni ya volti 12. Seramiki za aina hii hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake zikikaribia volti zake za mwisho, na betri ikichaji hufika volti 14.4. Ndiyo maana nasema 50.

Usitoe ile elektroliti ya zamani. Ukiacha seramiki peke yake kwenye waya mrefu, siku unachomeka betri volti zinaweza kuruka hadi karibu mara mbili kwa kitambo kidogo na kuua aisii. Elektroliti ndiyo inayouzima mruko huo.

6. Kagua diodi. Hatua fupi. Lazima iwe ya Schottky: SS34, SS54 au 1N5822. Nimepokea bodi kadhaa ambazo diodi iliungua na mtu akaweka 1N4007 au 1N5408 kwa kuwa zinafanana umbo na ziko kila duka. Hizo ni za kugeuza umeme wa hezi 50. Kwa kilohezi 150 zinachelewa kufunga, zinapata moto, na kila zinapochelewa zinatoa pigo la kelele. Ukiikuta, itoe leo.

7. Jenga chujio upande wa betri. Mpangilio, kutoka betri kwenda bodi:

Fyuzi, kisha seramiki ya mikrofaradi 1 kati ya chanya na hasi, kisha choki ya nyaya mbili, kisha koili ya mikrohenri 10 kwenye waya wa chanya, kisha elektroliti ya mikrofaradi 220 kati ya chanya na hasi, kisha bodi.

Koili ya mikrohenri 10 na kapasita ya mikrofaradi 220 pamoja huanza kuzuia kuanzia kilohezi 3.4 hivi, na kelele yetu iko 150, mbali juu. Ampea 3 za koili zinatosha: chaja ikitoa ampea 2 kwa volti 5 ni wati 10, na ukihesabu upotevu wa bodi utakuta betri inatoa ampea 1 na ushee tu.

Elektroliti hapo ina kazi mbili. Mbali na kuchuja, inatuliza koili isianze kuchezacheza na bodi. Bodi hii, kwa kuwa ni rejuleta ya swichi, ikiona volti zinashuka huvuta mkondo zaidi, na chujio lenye seramiki tupu linaweza kuanza kuyumba lenyewe. Iwe na uwezo wa angalau mara nne ya seramiki zilizo nyuma yake. Kwetu ni 220 kwa 10, tuko salama. Na angalia mstari wa hasi kabla ya kulehemu, elektroliti iliyogeuzwa hupasuka usoni.

Choki ya nyaya mbili ina mtego. Tumia multimita kwenye mlio, ujue miguu ipi ni ya koili moja. Chanya ipite koili ya kwanza, hasi ipite ya pili, zote zikiingilia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Ukigeuza moja, sumaku za mikondo miwili zinajumlishana badala ya kufutana, kiini (ile pete ya ndani) kinashiba sumaku, nawe umefunga mzigo usiofanya kazi.

Kosa kubwa la hatua hii, naliona hata kwa vijana waliosoma umeme chuo: chujio limejengwa vizuri, halafu nyaya za kuingilia na za kutokea zimefungwa pamoja ili zipendeze. Kelele inaruka kutoka waya mmoja kwenda mwingine, inalipita chujio lako pembeni. Betri iingilie upande huu, simu itokee upande ule. Chujio lenyewe likae sentimita chache tu kutoka kwenye bodi.

8. Feraiti kwenye nyaya zinazotoka. Kebo ya simu ni antena nzuri, hasa kwa FM. Pitisha nyaya za kutokea, chanya na hasi pamoja, ndani ya feraiti ya kebo ya monita. Nguvu yake hukua kwa mraba wa mizunguko: mizunguko 3 ni mara 9, mizunguko 5 ni mara 25. Kwa hiyo usiibane mara moja ukaondoka, izungushe kadiri tundu linavyoruhusu. Usipitishe waya mmoja peke yake, kiini kitashiba. Feraiti hizi ni kali kwa FM, kwa AM ni dhaifu. AM iachie choki ya hatua ya 7.

9. Rezista na kapasita juu ya diodi. Kama FM bado inafifia, unganisha rezista ya omu 10 na kapasita ya nanofaradi 1 kwa kufuatana, uzilehemu sambamba na diodi: mwisho mmoja upande wenye mstari, mwingine upande usio nao, miguu mifupi. Kila swichi inapofunga, koili ndogo zisizoonekana za njia za bodi hutetemeka kama kengele iliyogongwa, na rezista hii inaikamata kengele. Kwa volti 14.4 na kilohezi 150 inakula takriban wati 0.03 tu. Mtu asikudanganye uweke nanofaradi 10 ili "iwe na nguvu": itakula mara kumi, na rezista ya robo wati itaungua.

Wa nyuma ya milima ya Uporoto na mabonde ya Rungwe, hatua hii ifanyeni hata kama mnaona si lazima. Mawimbi ya FM yakifika kwenu yamekwisha kukingwa na mlima, kituo kinasikika kwa mbali, na kelele ndogo ambayo hapa mjini haisikiki kule inatosha kukizima.

10. Ilishe redio kwa njia yake. Kama redio inatumia betri ileile ya sola, usichukue umeme wake kwenye terminali za chaja. Vuta nyaya mbili mpya, chanya na hasi, kutoka kwenye betri yenyewe, zisokote, zipe fyuzi. Waya wa hasi unaotumiwa na wote wawili hupandisha kelele ya chaja mpaka ndani ya redio.

Na kwa redio yenyewe mimi sishauri stepu dauni hata kidogo. Redio ya volti 6 inayokula ampea 0.2 iwekee 7806 yenye bati dogo la kupoozea. Inapoteza kama wati 1.4 kwa joto, lakini iko kimya kabisa. Kwa simu isingefaa, maana ampea 2 kwa njia hiyo zingechoma wati 14 na zaidi bure.

11. Kopo, mwisho kabisa. Wengi wanaanza na hili. Kopo linazuia kinachorushwa na bodi hewani, halizuii kinachotoka kwa waya. Hatua za 4 mpaka 8 zikiwa zimekamilika, weka bodi na chujio ndani ya kopo la bati, bodi ikae juu ya plastiki isiguse chuma. Kwangua rangi sehemu moja, lehemu waya mfupi kutoka kopo kwenda hasi ya kuingilia. Mfuniko uguse chuma kwa chuma. Toboa matundu mengi madogo ya msumari kwa ajili ya joto, usikate ufa mrefu, maana kelele hupenya kwenye ufa kuliko kwenye tundu.

Kabla ya kurudisha simu ya mtu, pima volti za kutokea. Kile kiskrubu cha buluu huzungushwa mara nyingi na kinaweza kuwa kimegeuka wakati unalehemu. Kiwe 5.0 hadi 5.1.

Bodi ya yule mzee ilianza na hatua kumi na nne za mguu, kutoka mezani kwangu mpaka nje kwenye njia. Kusokota nyaya kuliishusha hadi tisa, seramiki hadi tano, chujio na kopo vilipokaa nilipaswa kuigusisha redio kwenye kopo ndipo nisikie mluzi. Sikuhitaji hatua ya 9 siku ile. Niliifanya kwa sababu ya mlima.

Mambo yakigoma

*AM imetulia, FM bado.* Miguu ya seramiki ni mirefu mno, au umeruka hatua ya 9. Fupisha kwanza.

*Kelele inarudi simu ikichomekwa tu.* Kebo ndiyo antena. Feraiti ikae karibu na bodi, si karibu na simu. Jaribu pia kebo fupi.

*Bodi yenyewe inalia kwa sauti ya kusikika sikioni.* Chomeka mzigo mkubwa zaidi. Ikinyamaza, ilikuwa inarukaruka kwa sababu mzigo ni mdogo, haina ubaya. Ikiendelea, elektroliti imekauka au chujio linayumba: weka elektroliti mpya, hata ya mikrofaradi 470.

*Simu inachaji polepole baada ya kufunga chujio.* Pima volti kwenye terminali za kuingilia za bodi simu ikiwa inachaji, kisha pima kwenye betri. Zikipishana zaidi ya nusu volti, una waya mwembamba, kiungo kibaya, au choki ya koili nyembamba.

*Bodi inapata moto kuliko mwanzo.* Kagua kapasita ya hatua ya 9 isiwe kubwa, kisha kagua diodi tena.

*Kelele ni ya mchana tu.* Chaji kontrola. Funika paneli kwa blanketi usikilize. Ikinyamaza, jenga chujio lilelile kati ya kontrola na betri, lakini koili na choki viwe vya ampea zinazolingana na paneli yako, na kwa upande wa paneli tumia kapasita za volti 50, kwa kuwa paneli ya mfumo wa volti 12 isiyo na mzigo hufika volti 21 au 22.

*Umezima kila kitu na kelele ipo.* Basi si yako. Chukua redio ya betri kavu, tega AM penye kelele, toka nje. Ndani ya redio kuna kijiti cha feraiti kilicholala, kwa kawaida sambamba na upande mrefu wa juu. Zungusha redio taratibu mpaka kelele ipungue kabisa: hapo ncha ya kijiti inaelekea inakotoka, mbele au nyuma. Sogea hatua thelathini pembeni, rudia. Mistari miwili inapokutana ni nguzo ya umeme, au ni nyumba ya jirani mwenye chaja kama iliyokuwa yako.